Nimefika alikozaliwa Harriet Tubman, na habari ya wosia uliofichwa

Shikamooni wazee wangu. Na nyie wenzangu, hamjambo huko nyumbani? Upepo mnausikia? Leo siko Baltimore. Nimevuka daraja la Chesapeake alfajiri, nimekuja Dorchester, mashariki ya jimbo la Maryland, huku huku Marekani. Hapa niliposimama ni kinamasi na matete tu, mpaka jicho linapogota. Watu wa Rufiji mngejiona mko kwenu, tatizo hii baridi.

Huku ndiko alikozaliwa Harriet Tubman. Wengi tunamjua kuwa ndiye mama aliyewatorosha watumwa usiku usiku. Leo nataka niwasimulie wazazi wake na ndugu zake, na jinsi habari zao zilivyopatikana, maana mtumwa hakuandikiwa cheti cha kuzaliwa. Ukimtafuta, unamtafuta kwenye mali za bwana wake, humo humo walimoandikwa ng'ombe na vitanda.

Machi 1822, mwenye shamba mmoja, Anthony Thompson, aliandika kwenye daftari lake la hesabu: dola 2, malipo ya mkunga wa Rit. Rit ndiye mama. Wanahistoria wanaamini kichanga chenyewe ndiye Harriet, ambaye utotoni aliitwa Araminta, kwa mkato Minty. Kuzaliwa kwake kumeandikwa kama gharama, jamani. Bibi yake, mama wa Rit, aliletwa kwa meli kutoka Afrika, na kwenye maandishi ni Modesty. Jina alilopewa kwao hakuna aliyejali kuliandika.

Sasa nisikilizeni vizuri, hiki ndicho kilichonileta.

Karibu na mwaka 1845, Harriet, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alichukua dola 5 za jasho lake akampa wakili amtafutie wosia wa bwana wa kwanza wa mama yake. Wakili akapekua, akarudi nyuma miaka na miaka, akaupata. Atthow Pattison, aliyefariki 1797, alimrithisha mjukuu wake Mary yule Rit pamoja na watoto atakaowazaa, lakini kwa sharti: watatumika mpaka watimize miaka 45 tu.

Rit alikuwa ameshapita umri huo zamani! Na hakuna aliyemwambia. Edward Brodess, mtoto wa Mary, aliendelea kumtumikisha, na mabinti watatu wa Rit, Linah, Soph na Mariah Ritty, wakauzwa. Mama hakuwaona tena. Mimi nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kompyuta, nikatoka nje. Na nawaambia, kabla ya profesa yeyote, Harriet mwenyewe ndiye aliyeanza kuufuatilia ukoo huu.

Baba yake, Ben Ross, aliachwa huru mwaka 1840 kwa wosia wa yule Thompson, bwana wake, akapewa ekari 10 za kuishi na kulima. Mwaka 1855 akamnunua mke wake kwa dola 20. Mke ambaye kwa ule wosia alikuwa tayari ana haki ya uhuru wake! Mahali nyumba ya Ben ilipokuwa pametambuliwa na wanaakiolojia, wakatangaza mwaka 2021. Ni humu humu kwenye hifadhi ya Blackwater. Walichimbua vipande vya vyombo na sarafu ya mwaka 1808.

Wazee hao Harriet aliwafuata 1857, akawafikisha Canada. Kaka zake pia aliwatoa. Aliyebaki moyoni mwake ni mdogo wake, Rachel. Mwishoni mwa 1860 alirudi kumchukua, akakuta ameshafariki. Watoto wa Rachel walikuwa wawili, Ben na Angerine. Ili wapatikane ilitakiwa hongo ya dola 30, na Harriet hakuwa nayo. Aliondoka na familia nyingine, wale wawili wakabaki huku.

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina watu wote weusi waliokuwa utumwani. Jumatatu nimeomba ruhusa kazini, nakwenda Annapolis, kwenye nyaraka za jimbo. Nitaanza na kaunti hii, ukurasa kwa ukurasa, nikiwatafuta Ben na Angerine.