Injini Haina Uraia: Mkataba wa Cape Town kwa Wanaokodi Ndege

Mabibi na mabwana, waheshimiwa mawakili, asanteni kwa kufika. Kwenye makongamano ya sheria za anga siku hizi gumzo ni ndege zilizokwama Urusi tangu 2022, au sheria ambayo India iliipitisha 2025 baada ya kufilisika kwa shirika lake la ndege la Go First. Lakini wakili wa Kampala aliyeletewa mkataba wa kukodi ndege ndogo moja ya Caravan ya kuruka Kajjansi hadi Kihihi hataumizwa na hayo. Ataumizwa na namba.

Mkataba wa Cape Town, ule wa kimataifa unaolinda haki za wenye ndege na wakopeshaji wao, na Itifaki yake ya ndege vilitiwa saini tarehe 16 Novemba 2001. Moyo wake ni Rejista ya Kimataifa, inayoendeshwa Dublin kwa mtandao. Aliyetangulia kusajili haki yake ndiye mwenye kipaumbele, hata kama alijua fika kwamba kuna mwenzake ambaye hajasajili. Kali, ndiyo, lakini inaondoa ubishi wa nani alijua nini.

Si kila kinachoruka kinaingia humo. Bodi ya ndege, yaani mwili wake bila injini, iwe imeidhinishwa kubeba watu 8 au zaidi, rubani akihesabiwa, au mzigo unaozidi kilo 2,750. Injini isiyo ya jeti iwe na nguvu za farasi 550 kwenda juu. Kwa hiyo Cessna 206 ya viti 6 iko nje. Caravan 208B iko ndani. Injini yake ya PT6A-114A ina nguvu za farasi 675.

Hapo ndipo wengi hujikwaa: bodi inasajiliwa peke yake, na injini peke yake. A330-800, ndege ya injini mbili, ni sajili tatu. Unapotafuta kwenye Rejista kama kuna aliyekutangulia, unaingiza jina la mtengenezaji, modeli na namba ya kiwandani. Ukichukua namba hiyo kwenye ankara ya zamani badala ya kuisoma kwenye kibao cha injini yenyewe, utapewa cheti safi cha injini isiyo yako. Fundi akusomee, apige na picha.

Sasa tuseme mteja wako wa hapa anakodi ndege yenye herufi za 5Y, yaani iliyosajiliwa Kenya. Kenya imejiunga na mkataba, kwa hiyo bodi inalindwa kwa usajili wa Nairobi, popote alipo mdaiwa, yaani anayekodi. Injini je? Injini haina uraia. Itifaki inataja bodi na helikopta zilizosajiliwa katika nchi mwanachama, basi. Kwa injini unaangalia mdaiwa alikuwa wapi siku mkataba wa kukodi ulipofungwa. Unaweza kuwa na ndege moja ambayo nusu yake iko ndani ya Mkataba wa Cape Town na nusu iko nje. Swali hili liulizwe kabla ya saini.

Kuna na hati ya IDERA: mdaiwa anampa mwenye ndege idhini isiyotenguka ya kuomba ndege ifutwe kwenye rejista ya nchi na isafirishwe nje. Lazima ifuate kielelezo kilichoambatishwa kwenye Itifaki, na iwekwe kwenye kumbukumbu za mamlaka ya usajili. Hati iliyolala kwenye kabati la wakili haimsaidii mtu. Kosa jingine la kila siku: ndege inauzwa ikiwa bado imekodishwa, mkataba unahamishiwa mmiliki mpya, IDERA inabaki na jina la yule wa zamani. Siku ya kuitumia, ofisa anakurudisha mlangoni, na ana haki.

Nimalizie na Virgin Australia. Kampuni ilipoingia chini ya wasimamizi wa ufilisi, mwenye injini 4 alidai zipelekwe Florida kwa gharama yao, kama mkataba wa kukodi ulivyosema. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Australia ilikataa: “kutoa umiliki” kwenye Itifaki ni kumwachia mwenyewe nafasi ya kuchukua mali yake, si kumfikishia. Kwa hiyo anayekodisha atenge fedha za kufungua injini, kreni, stendi ya kusafirishia na lori hadi Entebbe. Na aombe nakala za rekodi kila mwezi, mpangaji akiwa bado anacheka naye. Injini ikirudi bila historia ya mizunguko ya diski zake, yaani safari ambazo vipande hivyo vya ndani vinavyozunguka vimeshafanya, hakuna atakayekubali kuirusha hadi diski hizo zibadilishwe.