Chai ya Alasiri Uani: Namna ya Kuwakusanya Majirani Mambo Yanapobana

Assalaam aleykum, na hamjambo nyote. Karibuni uani kwangu, hapa Ngamiani, Tanga. Leo nawaonyesha ninavyoandaa chai ya alasiri ya watu 12. Mtaona inavyopikwa, msiwe na wasiwasi, lakini kazi kubwa iko kabla jiko halijawashwa, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Nianze na ilivyotokea. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mnakumbuka sukari ilivyoadimika. Mvua za El Nino zilikwamisha uvunaji wa miwa, na huku mtaani kilo moja ukaitafuta duka hadi duka. Mimi nikaona kitu kingine: watu waliacha kutembeleana. Ukibisha hodi kwa mtu, kwetu sisi lazima akukaribishe chai. Sasa chai ataitoa wapi na sukari hana? Basi kila mmoja akajifungia kwake ili asimtie mwenzake aibuni. Jirani yangu mmoja, mtu mzima aliyefiwa na mumewe, aliniambia amemaliza wiki nzima hajazungumza na mtu ila muuza mkaa. Hilo liliniuma kuliko sukari yenyewe.

Hatua ya kwanza ni kualika, na nakuomba usialike kwa ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe unasomwa, unajibiwa "inshallah", na umekwisha. Nenda kwa miguu siku moja kabla, nyumba kwa nyumba. Anza na wale ambao hamjawaona siku nyingi: aliyefiwa na matanga yamekwisha kuanuliwa, kwa sababu watu wakishaondoka ndipo nyumba inapokuwa kubwa; aliyejifungua; aliyepunguzwa kazini; mpangaji aliyehamia juzi na bado hajui jina la mtu. Mimi husema hivi: "Shoga, kesho tukishaswali alasiri njoo uani kwangu tunywe chai. Njoo na kikombe chako." Kwa bibi yetu wa nyumba ya kona nasema: "Shikamoo bibi. Kesho nakuja kukufuata mwenyewe, usitoke peke yako." Na nakwenda kweli, namshika mkono.

Kikombe kina sababu zake. Kwanza, mimi vyangu ni 6 tu, na sitaki kuazima. Pili, mtu akipita njiani na kikombe mkononi ataulizwa, "Mwenzangu, wapi huko?" Wiki iliyopita wawili walikuja kwa njia hiyo hiyo. Kuna anayekuja na kikombe cha udongo chenye maua, kuna wa plastiki, kuna wa bati kilichobanduka rangi. Vyote vinajaa chai ile ile.

Hatua ya pili ni hili kapu. Tazameni vizuri, kwa sababu bila kapu hili nisingekuwa narekodi video hii.

Mara ya kwanza kabisa nilikosea. Niliweka mchango wa shilingi 1,000 kwa kila mtu, nikashika daftari, nikawa naandika majina mlangoni. Mama mmoja alifika hadi kwenye kizingiti, akaliona daftari, akasema amesahau kitu nyumbani. Hakurudi. Nilijua siku ile ile kwamba nimemfukuza mtu kwa kalamu, na ilinichukua siku nyingi kumwomba radhi. Tangu hapo daftari halipo. Lipo kapu la ukindu, limefunikwa khanga, liko hapa pembeni ya mlango wa jikoni. Kila anayeingia anapitisha mkono chini ya khanga na kuacha alichojaliwa: kipande cha tangawizi, sukari ndani ya karatasi, iliki tatu, ndimu, mia mbili. Asiye na kitu naye anapitisha mkono. Hakuna anayeona. Mimi mwenyewe nalifungua peke yangu jikoni, na sijui nini kimetoka kwa nani. Mama yule sasa haachi kuja.

Basi twende jikoni.

Kwa watu 12, kila mmoja vikombe viwili, napika lita 5. Majani ninayotumia yanatoka Usambara, milima yetu wenyewe. Kule Amani Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na chai ilikuwa miongoni mwa mimea waliyoijaribu. Iliki, mdalasini na pilipili manga navyo vinalimwa huko huko na kushukia soko la Muheza, kwa hiyo ukinunua kwa mama wa sokoni badala ya pakiti ya dukani, unapata vya harufu kali kwa bei nafuu.

Teleka maji lita 3. Ponda tangawizi, vipande viwili vya urefu wa kidole gumba, iliki punje 12 na maganda yake, pilipili manga punje 10, vijiti viwili vya mdalasini. Tia vyote majini na uache vichemke dakika 10 nzima. Usifanye haraka hapa: tangawizi ikiwa bado mbichi hukatisha maziwa, utabaki na mabonge na huna pesa ya maziwa mengine. Sasa tia majani, vijiko 5 vya chakula. Dakika tatu zinatosha. Yakizidi kuchemka chai inakuwa chungu. Ndipo mimina maziwa lita 2. Yakianza kupanda, punguza moto, uyachote kwa upawa na kuyamwaga tena sufuriani, hivi, mara nane au tisa. Chuja, tia kwenye chupa za chai, funga.

Maziwa yakikosekana, pika ya rangi, ile ambayo wenzetu wa Mombasa huiita strungi. Iongezee mchaichai na karafuu mbili, na hakuna atakayelalamika.

Sukari haiingii sufuriani. Weka bakuli katikati na kijiko kimoja. Wazee wetu wengi wana kisukari, na aliyezoea vijiko vitatu utamwona mwenyewe anatia kimoja akiona bakuli ni la wote. Kukiwa na tende, afadhali: unauma tende, unapiga funda.

Kitafunio, sikai sana hapo. Maandazi ni mazuri lakini mafuta ya kula bei yake mnaijua. Mimi nachemsha mihogo mitamu, kilo 4, natoa ule mzizi wa kati, nikishamwaga maji ya kwanza natia tui, kitunguu, chumvi na pilipili nzima isiyopasuka. Chai kavu pia haina dhambi.

Kukaa, tandika jamvi na mikeka kwa duara. Viti usitoe. Ukitoa viti vinne, tayari umewagawa watu. Wazee wape ukuta wa kuegemea na mto mgongoni. Mimi huanza na kitendawili kwa watoto, "Kitendawili!", nao wakiitikia "Tega!" hata aliyenuna anageuka. Baadaye wakubwa wanashika usukani wenyewe. Jumamosi iliyopita wameanza kukumbuka taarab ya Tanga, enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, nani alishonewa gauni gani kwa ajili ya onyesho gani, na bibi wa kona akaimba beti mbili amefumba macho. Mwaka mzima sikuwahi kumsikia akiimba.

Kuna siku mtu atalia. Msimzuie, na msimpe mawaidha. Aliye karibu naye amsogelee bega kwa bega, wewe mjazie kikombe. Chai ya moto inampa mtu kitu cha kushika mikononi, na akiwa tayari atasema. Kama shida yake inahitaji pesa au hospitali, lisizungumzwe pale mbele ya watu. Mwende wawili kwake usiku.

Ikikaribia magharibi, kila mtu anaosha kikombe chake hapa kwenye beseni. Mihogo iliyobaki inafungwa kwa yule ambaye hakuweza kutoka, na mtoto mmoja anatumwa kuipeleka ikiwa bado ya moto.

Mwisho ni kapu. Nalikung'uta, nakunja khanga, naliweka katikati ya jamvi, kisha nauliza, "Jumamosi ijayo ni uani kwa nani?" Nanyamaza. Usimtaje mtu, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Leo, kama mnavyoona, amelichukua mpangaji mgeni, ana chumba kimoja na hana ua. Anasema tutakaa barazani kwake, na jamvi ataazima kwangu.