Waliozaliwa Tarehe 1 Januari

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Kabla sijaanza, naomba kila mtu ambaye kadi yake ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, inasema alizaliwa tarehe 1 Januari anyooshe mkono.

Mnaona? Karibu nusu ya ukumbi. Mama pale nyuma amenyoosha yote miwili, nadhani mmoja ni wa mzee aliyebaki nyumbani.

Sababu tunaijua. Ulifika kambi ya wakimbizi, karani akauliza tarehe, ukamjibu nilizaliwa wakati wa kuvuna mahindi, mwaka ule wa mafuriko. Yeye ana kisanduku cha kujaza na foleni imefika getini. Akaandika 1 Januari. Tumekuja nayo hadi hapa Ohio.

Sasa nenda hospitali. Mapokezi watakuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa. Ndio utaratibu wa Marekani: kabla hujapewa dawa au kuchomwa sindano, utambulike kwa angalau alama mbili. Wenyeji wala hawana shida nazo. Lakini sisi tuna akina Bahati watano katika mtaa mmoja, wote wa 1 Januari, na jina la baba mara limewekwa mwanzo, mara mwisho. Mjomba wangu aliletewa bili ya kupasuliwa goti. Magoti yake yale pale, mzima kabisa, amekaa nayo kiti cha tatu. Tukacheka, mpaka siku muuguzi alipomsomea mzio wa dawa ambao si wake. Hapo kicheko kikaisha. Faili mbili zilikuwa zimeingiliana, na hakuna daktari aliyejua.

Aliyezitenganisha ni dada mmoja wa ofisi ya kumbukumbu, baada ya wiki tatu. Ndipo nikauliza, huyu amesomea nini?

Nilijibiwa kwamba alisomea usimamizi wa taarifa za afya katika chuo cha jamii, wanachokiita community college, miaka miwili. Krediti, yaani vipimo vya masomo, kama 60 hivi. Nikaingia na mimi, madarasa ya jioni, usiku nikifanya kazi ghalani.

Somo lililonitisha ni istilahi za tiba. Kumbe tusiogope. Mtu anayeweza kusema "hawakutupikia" bila kufikiri amebeba vipande saba ndani ya neno moja. Maneno ya tiba yameungwa vivyo hivyo, ila kwa Kigiriki na Kilatini. Nefro ni figo, ektomi ni kukata na kutoa, itisi ni uvimbe wa moto. Nefrektomi ni kutolewa figo. Nefritisi ni uvimbe wa figo. Wenzangu waliozaliwa na Kiingereza walikuwa wanakariri orodha nzima, mimi nachambua tu kama nachambua mchele.

Halafu misimbo, yaani herufi na namba zinazosimamia kila ugonjwa au jeraha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2015 hospitali za Marekani zinatumia orodha iitwayo ICD-10, yenye misimbo kama 70,000; ile ya kabla ilikuwa na kama 14,000. Shinikizo la damu ni I10. Kupigwa na bata kuna msimbo wake, W61.62, sitanii. Kazi ni kuyasoma maandishi ya daktari na kuyageuza kuwa herufi na namba ambazo bima itazilipia. Ukiandika mkono wa kushoto badala ya kulia, bima inaweza kukataa, na bili ikamrudia mama yako.

Kuna pia sheria ya siri ya mgonjwa, HIPAA, ya mwaka 1996. Hii kwetu ni ngumu kuliko misimbo. Shangazi atakupigia simu: "Nimeona gari la jirani pale kliniki kwenu, anaumwa nini?" Huruhusiwi kumwambia hata kwamba jirani alifika. Mimi nimenuniwa miezi miwili kwa ajili hiyo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wetu wanapoliwa. Katika chuo kimoja, ukumbi mmoja, utakuta kozi mbili zenye majina yanayofanana: uendeshaji wa ofisi ya tiba, na usimamizi wa taarifa za afya. Ya kwanza inakupeleka mapokezi na kwenye bili. Ya pili, ikiwa ina ithibati ya CAHIIM, chombo kinachokagua kozi hizi, inakuruhusu kufanya mtihani wa RHIT, cheti cha fundi wa taarifa za afya. Usipouliza, utamaliza miaka miwili ndipo uambiwe mtihani huo haukuhusu. Tena kuna shahada za miaka miwili zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi tu. Ukitaka kuendelea chuo kikuu, krediti nyingi zinaachwa mlangoni. Na mtu asikudanganye kwamba utatoka hapo ukiwa meneja wa hospitali. Kwa kawaida umeneja unataka shahada ya miaka minne. Uliza siku ya kwanza, uandikiwe.

Kuhusu fedha, mwenye kadi ya kijani na kipato kidogo ajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali. Msaada wa Pell, ambao serikali huwapa wanafunzi wenye kipato kidogo, katika mwaka wa masomo 2024–25, ulifika hadi dola 7,395, na haurudishwi kama mkopo. Ila una kikomo cha mihula 12 maisha yote, kwa hiyo usiutapanye kwenye vyuo vya kutafuta faida vinavyotangaza ajira kwenye televisheni mchana. Corinthian Colleges, kampuni ya vyuo vya namna hiyo, walifunga milango mwaka 2015, na mwaka 2022 serikali ilifuta madeni ya wanafunzi kama 560,000 waliosoma kwao. Wengi walikuwa wamefuata kozi kama hizi hizi.

Mama pale nyuma anauliza, yeye ana miaka 52 kwa mujibu wa kadi, ya kweli Mungu ndiye ajuaye: watampokea?

Watakupokea, mama. Utapimwa Kiingereza na hesabu kwanza, na ukipungukiwa kuna madarasa ya kukuinua. Chukua somo moja muhula huu, istilahi, ulionje. Fomu ziko pale kando ya birika la chai. Njoo na kadi yako, na karatasi yoyote ya zamani yenye jina lako, hata ile ya mgawo wa unga, tuone jina limeandikwa namna ngapi.