Namna ya Kuwaonyesha Watu Linux Pale Stesheneri

Habari zenu watazamaji. Niko Busia, upande wa Uganda, kwenye stesheneri ya jirani yangu, karibu na stendi ya boda. Leo tunaanza na flashi tupu, tunaishia na mteja aliyeketi mwenyewe mbele ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Usiandae hotuba. Niliwahi kusimama hapa nusu saa nikieleza uhuru wa programu, watu wakaitikia kwa adabu, kisha wakaenda zao. Mtu akishika mausi kwa mkono wake, ndipo maswali yanapoanza.

Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi, isiyo na kitu unachokihitaji, maana vyote vilivyomo vitafutika. Ingia linuxmint.com, tovuti ya Linux Mint, aina moja ya Linux, chagua toleo la Xfce. Ni jepesi, na laptopu nyingi za mitumba zinazoletwa hapa zina RAM ya GB 4 tu. Faili linakaribia GB 3, kwa hiyo usimalize bando la simu: pakua mara moja penye Wi-Fi, kisha wagawie wenzako. Leseni inaruhusu kunakili, huibi cha mtu. Fungua balenaEtcher, programu ya kuandika faili hilo kwenye flashi, chagua faili, chagua flashi, bonyeza Flash. Soma jina la diski mara mbili kabla hujabonyeza.

Sasa chomeka flashi kwenye laptopu iliyozimwa. Iwashe huku ukigonga F12, ikiwa ni Dell au Lenovo. Kwa HP gonga F9. Orodha ikitokea, chagua USB. Hapo mwenye mashine ataanza kuwa na wasiwasi, na ana haki. Mwambie taratibu: "Mzee, hii inatembea kutoka kwenye flashi. Sijasakinisha kitu. Tukizima na kuichomoa, Windows yako utaikuta vilevile." Mwambie pia kwamba kwenye flashi huwa inajivuta, ikisakinishwa kwenye diski itakwenda kasi zaidi.

Sogeeni karibu muone hiki, maana ndicho kinachowashika watu kuliko vyote. Flashi hii nyekundu ni ya mwalimu mmoja wa hapa. Aliichomeka kwenye kompyuta ya kuchapishia mahali fulani, ikarudi na virusi. Kwenye Windows anaona shotikati moja peke yake, na mitihani yake ya muhula mzima haionekani. Alikuwa ameshakata tamaa. Naichomeka kwenye Mint. Mnaona? Kuna folda isiyo na jina. Naifungua, na mitihani yote imo: Hesabu, Sayansi, Kiswahili. Virusi viliificha kwa alama ya Windows, na Linux haiifuati alama hiyo. Ile shotikati usiiguse. Nakili mitihani pembeni kwanza.

Sasa mpishe kiti, afungue mtihani mmoja mwenyewe. Unafunguka ndani ya LibreOffice Writer, programu ya kuandikia kama Word, ambayo tayari imo. Kama aliandika kwa Times New Roman, herufi za Liberation Serif zinazochukua nafasi yake zina upana uleule, kwa hiyo mistari haitakimbia ovyo. Majedwali yenye mapambo mengi huweza kusogea kidogo. Mwonyeshe na hilo, usilifiche.

Atauliza hii ni ya nani. Mwambie Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki, na leo inajengwa na maelfu ya watu. Kisha mwombe atoe simu yake. Kama ni Android, Linux imo ndani yake tangu siku aliyoinunua. Mint nayo imejengwa juu ya Ubuntu, aina nyingine ya Linux, na jina hilo hapa kwetu halihitaji mkalimani: Mganda anasema obuntubulamu, sisi tunasema utu.

Atauliza pia kwa nini ahangaike. Microsoft ilisitisha msaada wa bure wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa rasmi laptopu nyingi za zamani. Mashine nzima, yenye kibodi nzuri na skrini nzuri, inaanza kuonekana takataka. Hilo linaniuma, kwa sababu najua mtu alidunduliza miezi mingapi kuinunua. Matoleo ya Mint 22 yatapata masasisho hadi mwaka 2029, bila malipo.

Lakini kama anafanya kazi kwa Photoshop, mwambie wazi kwamba haiko kwenye Linux, abaki na Windows yake. Kabla hajaondoka jaribu Wi-Fi, sauti, na printa anayoitumia. Printa ikigoma leo, usimsakinishie leo.

Akitaka kusakinishiwa, hamisha kwanza mafaili yake kwenye diski ya nje, uyafungue matatu au manne kuhakikisha ni mazima. Mimi niliruka hatua hii mara moja, nikafuta picha za harusi ya mama mwenye duka. Hazikupatikana tena, na bado nikimwona sokoni moyo unanidunda.

Baada ya hapo mwandikie namba yako kwenye karatasi, ibandike chini ya laptopu, na umpitie Jumamosi. Maswali ya wiki ya kwanza ni mengi: jinsi ya kuchapisha, jinsi ya kuhamisha picha za simu. Nenda na chaja yako, umeme ukikatika msikwame.