Rangi ya Kucha Sakafuni: Doa Hutengenezwa na Anayelisugua

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie madoa ya rangi ya kucha kwenye vigae, na naona wengine mnatabasamu, mnaona mada imekuwa ndogo kuliko ukumbi. Basi nianze kwa kuuliza. Nani hapa, mhudumu wa gesti au mwenye saluni, hajawahi kukuta sakafu ambayo kigae chenyewe kimetakata, lakini mstari wa grauti pembeni yake, ule ujazo wa saruji kati ya kigae na kigae, umebaki na wekundu usiotoka? Hakuna mkono. Wekundu ule haukufikishwa pale na chupa iliyoanguka. Ulifikishwa na aliyesafisha. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Mengine yote ni kueleza kwa nini inakuwa hivyo.

Rangi ya kucha ya kawaida, ile inayokauka yenyewe kwa upepo, imejengwa juu ya kitu kinaitwa nitroselulosi. Ni pamba, au nyuzi za mti, zilizopitishwa kwenye asidi ya naitriki. Christian Friedrich Schönbein, mwanakemia wa Basel, aliitangaza mwaka 1846, na watu waliikimbilia kwanza kama baruti ya mizinga. Baadaye ikawa filamu za sinema, na miaka ya 1920 ikawa rangi ya kupulizia magari. Kampuni ya Revlon ilipoanza mwaka 1932, ilianza na rangi ya kucha. Kwa hiyo dada anayepaka kucha na fundi anayepuliza gari gereji wametumia mali ya ukoo mmoja. Ukimpelekea fundi yule tatizo lako atakupa thina, na thina itatoa kweli. Mimi siipendi tu ndani ya chumba anacholala mtu, maana mara nyingi ina toluini na harufu yake inapasua kichwa.

Ndani ya chupa, nitroselulosi hiyo imeyeyushwa kwenye vimiminika vinavyoruka haraka, hasa ethili asetati na butili asetati. Ukipaka, kimiminika kinaruka, kinabaki kigozi chembamba chenye rangi. Maji hayakipenyi kigozi kile. Kina mama wa Kiislamu mnalijua hili kuliko mimi: rangi ikiwa kwenye kucha, maji ya udhu hayafiki, kwa hiyo inapakwa na kutolewa, inapakwa na kutolewa, wakati hina inaachwa ikae. Nadhani ndiyo sababu nyumba nyingi za pwani nilizozisafisha zina madoa haya bafuni kuliko sebuleni.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kigozi kile kilikauka tu, hakikugeuka kuwa kitu kingine. Ukikirudishia kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuyeyusha kama asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, kinarudi kuwa majimaji, na rangi yote imo humohumo. Doa lililokuwa limetulia mahali pamoja, la ukubwa wa shilingi, umelipa miguu. Ukisugua kwa nguvu kwa duara, kama wengi wetu tulivyofundishwa kudeki, unalitembeza mpaka likutane na grauti. Grauti ni saruji, saruji ina vitundu, na vitundu vinanyonya. Asetoni inaruka, nitroselulosi na rangi vinabaki ndani. Hapo umelitia doa mahali ambapo halikuwepo.

Kigae chenyewe hakina kosa. Kile cha kung'aa cha kawaida, hivi tunavyovipata kutoka viwanda vya Chalinze na Mkuranga au vinavyoingia kwa meli kutoka China na India, kimepakwa juu tabaka la kioo kisha kikachomwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,000. Asetoni haikifanyi lolote kioo. Katika kipimo cha kimataifa cha madoa kwenye vigae, kile cha ISO 10545-14, asetoni ni mojawapo ya viyeyushi vinavyotumiwa na maabara pale ambapo maji na sabuni vimeshindwa. Kigae cha daraja la 5 kinatakata kwa maji ya moto tu, cha daraja la 1 hakitakati kwa lolote. Kwa hiyo muoga wa asetoni kwenye kigae cha kung'aa aondoe hofu. Hofu aihamishie kwenye mistari, na kwenye mapafu yake, nitakuja huko.

Haya, chupa imeanguka. Kwanza vioo, maana chupa ile ndogo ikivunjika hutoa vipande vyembamba, na ndani yake mara nyingi kuna vigololi vya chuma vya kukorogea, navyo vinakimbia chini ya kitanda. Viokote kabla hujapiga goti. Rangi ikiwa bado mbichi, usiifute. Ikusanye. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda wake, ianzie nje ya dimbwi uje katikati, uizoe kama anayezoa unga uliomwagika mezani. Kuna wanaomwaga sukari juu yake ili igande, na inasaidia kidogo, ila jioni mtakuwa na sisimizi. Poda ya mtoto inafanya kazi ileile.

Kisha kabla asetoni haijafunguliwa, lowesha grauti ya pande zote kwa maji. Hatua hii watu wanairuka, nayo ndiyo inayookoa mistari. Kitundu kilichokwisha kunywa maji hakina nafasi ya kunywa rangi, na nitroselulosi ikikutana na maji inaganda, inakuwa utando mweupe mweupe unaofutika, badala ya kuzama. Ukiwa na ile karatasi ya gundi ya mafundi rangi, ibandike juu ya mstari kabla ya maji, vizuri zaidi.

Sasa asetoni. Unaitia kwenye pamba, humwagi sakafuni. Bandika pamba juu ya doa, hesabu mpaka kumi na tano, halafu inua kwa kuvuta kuelekea katikati ya doa. Tupa pamba ile. Nyingine. Ukiona pamba ya pili unaitumia mara tatu kwa sababu ya ubahili, ujue unarudisha sakafuni ulichokitoa. Mwisho osha kwa maji na sabuni, maana dawa za kutolea rangi zinazouzwa madukani, hasa zile za pinki na kijani, zina mafuta ya kulainisha kucha, na mafuta yale yakibaki kwenye kigae mtu anateleza. Zile zilizoandikwa hazina asetoni kwa kawaida zina ethili asetati. Zinatoa pia, ila ziongezee muda.

Doa lililokauka la siku nyingi kwenye kigae cha kung'aa halihitaji hata asetoni mwanzoni. Maji ya sabuni, wembe ulioulaza karibu na sakafu, sukuma mbele tu. Linabanduka kama ganda. Kwenye kigae kisichong'aa, chenye uso wa mchanga, wembe marufuku, utaacha michirizi ya chuma ambayo itakusumbua kuliko rangi. Pale tumia mswaki mkuukuu na asetoni kidogo, ukigonga-gonga, usisugue. Na stili waya iacheni jikoni kwenye sufuria.

Mama pale mbele ananiuliza kuhusu jeli. Ndiyo, jeli ni kesi nyingine. Rangi ile inayokaushwa kwa taa, haikauki kwa kuruka kimiminika. Molekuli zake zinaungana chini ya mwanga na kuwa wavu mmoja. Yai likishachemka halirudi kuwa ute. Asetoni inaivimbisha jeli na kuilegeza, lakini haiyeyushi. Habari njema ni kwamba jeli iliyomwagika haijapigwa taa bado, inafutika kwa spiriti na pamba, mradi usiiache karibu na dirisha lenye jua, kwa sababu jua nalo lina mwanga uleule. Ikishakuwa ngumu, ilaze asetoni dakika kumi chini ya kipande cha nailoni, kisha ikwangue kwa kadi. Haina tabia ya kutembea, kwa hiyo grauti iko salama zaidi.

Tukija kwenye hatari, naomba simu ziwekwe chini kidogo. Asetoni inachemka kwenye nyuzi 56 tu, na mvuke wake unaweza kushika moto hata ikiwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, yaani hata ukiitoa kwenye friza. Mvuke huo ni mzito mara mbili ya hewa. Haupandi darini, unatambaa sakafuni. Na sisi vitu vyetu vya moto viko wapi? Jiko la mkaa liko chini. Chetezo cha ubani kiko chini. Dawa ya mbu ya kuzungusha iko chini ya kitanda. Unapiga magoti bafuni unafuta rangi, mlangoni kuna jiko la maharage: hiyo hesabu siipendi kabisa. Zima au toa nje kwanza, fungua dirisha na mlango, ndipo ufungue kichupa. Pamba zilizotumika zianikwe nje kwenye upepo mpaka zikauke kabla ya kuingia kwenye pipa, na wanaochoma taka uani wazingatie hilo.

Jambo la pili ni Jiki. Wengi wetu doa likigoma, mkono unakwenda kwenye Jiki bila kuamriwa. Kwa rangi ya kucha Jiki haisaidii chochote, kigozi kile hakijali. Lakini ikikutana na asetoni iliyobaki sakafuni inatengeneza klorofomu, ileile ambayo James Young Simpson alianza kuwalaza nayo wagonjwa kule Edinburgh mwaka 1847. Viwandani waliwahi kuitengeneza kwa asetoni na unga wa kung'arishia nguo, ndugu yake Jiki, hivyo si hadithi ya kutishana. Na anayeona haitoshi akaongeza asidi ya choo juu ya Jiki anajitengenezea gesi ya klorini katika bafu lisilo na dirisha. Kimoja kwa wakati mmoja, na maji mengi katikati.

Mafuta ya taa? Yanayeyusha mafuta na lami, nitroselulosi si mafuta, kwa hiyo utapata sakafu inayonuka na doa lako palepale. Petroli ndiyo kabisa, isiingie ndani ya nyumba. Manukato na sanitaiza zina spiriti, zinalegeza kidogo kwa doa bichi, kwa dharura sawa. Dawa ya meno inakwangua polepole, ukiwa na siku nzima isiyo na kazi.

Sakafu ambazo si vigae lakini zinafanana na vigae zimewaponza wengi. Plastiki ya kubandika, vipande vya mraba vyenye picha ya mbao au ya jiwe: asetoni inaila, inaacha kovu la kunata. Ukigonga kwa ukucha inatoa sauti ya bubu na haina ubaridi wa kigae. Hiyo ifute kwa spiriti na subira. Teraso, zile sakafu za nyumba za zamani za Upanga na Kariakoo, na jiwe halisi la marumaru, asetoni safi hailiumizi jiwe lenyewe, ila inaondoa nta iliyopakwa juu, utarudishia. Siki na limau ndivyo adui wa marumaru, vinaila ikapoteza mng'aro. Dawa ya pinki pia usiitumie hapo, rangi yake inaingia kwenye jiwe. Na asetoni yoyote usiitie kwenye kikombe cha plastiki cha kutupa, kinaweza kuyeyuka mkononi. Glavu zile nyembamba za bluu hulainika upesi, zibadilishe mara kwa mara.

Swali la kijana wa nyuma: grauti imeshanywa rangi, tufanyeje? Changanya poda ya mtoto na asetoni iwe uji mzito, upake juu ya mstari, funika na nailoni, bandika pembe zake, uache mpaka kesho yake. Kiyeyushi kinaingia kwenye kitundu, kinalegeza rangi, na kinaporudi kuruka kupitia poda kinaiacha humo. Rudia mara mbili. Ikibaki hali ya waridi, mimi naacha kubishana nayo. Chokoa grauti kwa ncha ya bisibisi, milimita mbili au tatu tu, ujaze simenti nyeupe mpya. Bei yake ni ndogo kuliko chupa ya tatu ya asetoni. Tatizo ni kwamba mstari huo mmoja utakuwa mweupe kuliko wenzake wote chumbani, na mwenye nyumba ataona. Kwa hiyo wakati simenti bado ni unga, itie rangi ya kijivu kidogo, jaribu kwenye ubao pembeni, iache ikauke kabisa ndipo ulinganishe, kwa kuwa mbichi huonekana nyeusi kuliko itakavyokuwa. Nimeleta kopo hapa, anayetaka kuona tunavyochanganya asogee.