Halua nayo tamu: mazungumzo na wanafunzi kuhusu kuhakiki nyimbo

Assalaam aleikum. Nyinyi wa nyuma sogeeni mbele jamani, hii maikrofoni leo ina mambo yake. Maalim kanambia kuna wenzenu wanataka kufanya mradi wao wenyewe muhula huu, kila wiki wahakiki wimbo mmoja, na mie nimeitwa kwa sababu nlianza hivohivo nikiwa fom thrii, daftari moja na hedifoni inayosikika upande mmoja tu.

Nianze na aibu yangu. Uhakiki wangu wa mwanzo ulikuwa hivi, wimbo huu ni mtamu sana, hongera kwa msanii. Basi, umeisha! Nikampelekea mzee mmoja jirani yetu alokuwa akipiga fidla, akausoma, akanitizama, akasema mwanangu, halua nayo tamu. Halafu akaniuliza fidla imeingia wapi kwenye wimbo huo, na mie wallahi nlikuwa nishausikiliza mara kumi na sikuwa na jibu.

Toka siku ile mara ya kwanza nasikiliza maneno tu, mara ya pili nafata chombo kimoja mwanzo mpaka mwisho, tuseme kanuni, kile chombo cha nyuzi kinacholazwa na kudonolewa kwa vidole, ina nyuzi zaidi ya 70 lakini rikodi ikiwa mbovu kinanda kinaifunika yote, na naandika dakika na sekunde ili msomaji akitaka kunibishia aende palepale. Mara ya tatu siandiki kitu, nasikiliza tu kama mtu alokaa barazani. Na hivi ni hivohivo kwa taarabu ya zamani na kwa zenji fleva, muziki wa vijana wa hapa Zanzibar, msije mkadhani hizi za vijana hazina cha kusikiliza, ingawa kuna nyingine sauti imepitishwa mashine mpaka humjui nani anaimba, na hilo nalo liandike.

Ila taarabu ina mtego wake, na hapa nataka tukae kidogo. Nlikwenda harusini Kikwajuni, wimbo umefika beti la tatu, bibi mmoja akanyanyuka na noti mkononi kwenda kumtunza muimbaji, yaani kumpa pesa, lakini hakwenda moja kwa moja, akapita taaaratibu mbele ya mwanamke mwengine, akasita pale, akacheza kidogo, ndo akaenda. Ukumbi mzima umeelewa fumbo la beti lile kamlenga nani. Mie nikarudi nyumbani nikaandika kila kitu, na majina, nikijiona mhakiki mkubwa. Shangazi yangu akaliona daftari, akaniuliza, we ulikwenda kusikiliza au kupeleleza? Ile kurasa nikaichana.

Manake fumbo lile mtunzi kalitunga labda kwa mambo yake mengine kabisa, lakini usiku ule lilikuwa la yule bibi mwenye noti, na kesho harusi nyingine litakuwa la mtu mwengine. Mhakiki aandike kwamba watu walinyanyuka beti la tatu na si la kwanza, aandike neno gani lililowanyanyua, aishie hapo. Ukisema nani kamsema nani ushaingia kwenye ugomvi usokuhusu.

Na kisiwa hiki kidogo yakhe. Ukiandika kwamba fulani kakosa pumzi kwenye kiitikio, kesho utakutana nae Darajani ananunua samaki, tena pengine mkewe binamu yako. Mie nimejiwekea kwamba sitoandika neno ambalo siwezi kulisema mbele yake na shikamoo juu. Kapoteza mapigo, nasema. Hajui kuimba, sisemi, kwa sababu hiyo mie sikuisikia kwenye wimbo, nimeitoa kichwani mwangu.

Kuna mtu atasema kuandika habari za muziki si mambo yetu. Siti binti Saad, muimbaji wetu wa taarabu, alirikodi sahani za santuri Bombay mwaka 1928, na maisha yake yameandikwa na Shaaban Robert, mshairi mkubwa kabisa, hakuona taabu kukaa chini kumuandika muimbaji. Vikundi vyetu vya taarabu, Ikhwan Safaa wapo toka 1905, Culture Musical Club toka 1958, na bado maonyesho mangapi yamepita hapa mjini hakuna alobakisha hata mstari mmoja wa nani alipiga nini usiku ule. Kwa hivo tarehe, mahali, kikundi, majina ya wapigaji, hayo juu kabisa ya kurasa kabla hujaandika maoni yako.

Naam binti, sema... Anauliza kama hajui kupiga chombo chochote anaweza. Anaweza. Kama hujui jina la chombo kaulize, wapigaji wetu wanapenda kuulizwa, ila nenda kabla ya onyesho, baada ya onyesho wamechoka na wanataka chai.

Haya, Jumamosi kila mtu aje na wimbo mmoja na kurasa mbili. Na mwenye spika aje nayo, hii ya skuli inakoroma.