Mafuta ya Zeituni Yakipanda Bei: Kila Kazi ya Jikoni na Mafuta Yake

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Leo mimi na mwenzangu Idrisa tumekitenga kipindi kizima kwa ajili ya mafuta ya zeituni, ambayo bei yake ilipanda mfululizo kuanzia mwaka 2022 hadi watu wengi wakalazimika kuyaacha, na kwa ajili ya swali linalofuata hapo, yaani mafuta gani ya kupikia yanafaa kushika nafasi yake. Kaka Idrisa, naomba tuanze na chanzo. Nimesikia watu wakilaumu vita, wakilaumu mabadiliko ya tabianchi na wakilaumu tamaa ya wafanyabiashara, nami siamini kwamba lawama hizo zote zina uzito sawa.

IDRISA: Hazina uzito sawa hata kidogo, dada Zuhura. Sababu kuu ni ukame, na ukame wenyewe ulipiga mahali ambapo dunia nzima inapategemea. Katika mwaka wa kawaida Hispania hutoa takriban asilimia 40 ya mafuta yote ya zeituni duniani, na sehemu kubwa ya hayo hutoka Andalusia, eneo la kusini mwa nchi hiyo, hususan mkoa wa Jaén, ambako mizeituni imeenea kutoka kilima hadi kilima. Msimu wa 2021/22 Hispania ilikamua karibu tani milioni 1.5. Msimu uliofuata ilipata takriban tani 665,000, yaani chini ya nusu. Italia, Ugiriki, Tunisia, Uturuki na Moroko nazo ni wazalishaji wakubwa, lakini hata zikijumlishwa haziwezi kuziba pengo kama hilo katika mwaka mmoja, hasa ikizingatiwa kwamba nazo zinakaa kandokando ya bahari ileile ya Mediterania na mara nyingi hupatwa na joto lilelile.

ZUHURA: Kinachonisikitisha ni kwamba msimu wa pili nao haukuleta nafuu kubwa. Mtu angetarajia kwamba baada ya mwaka mmoja mbaya mti ungepumzika na kurudi.

IDRISA: Mzeituni una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupungua mwaka unaofuata, kwa hiyo matarajio hayo yalikuwa na msingi. Kilichoyavuruga ni joto la wakati wa maua. Mzeituni wa kusini mwa Hispania huchanua kati ya Aprili na Mei, na tarehe 27 Aprili 2023 mji wa Córdoba ulifikia nyuzijoto 38.8, kiwango ambacho hakijawahi kupimwa katika bara la Hispania kwa mwezi huo. Joto la namna hiyo, likiandamana na udongo uliokauka, huharibu chavua na kuyapukutisha maua kabla hayajatunga matunda, na ua likishaanguka mvua ya baadaye haiwezi kulirudisha. Kwa hiyo mavuno ya 2023/24 yalipanda kidogo tu, na maghala, ambayo kwa kawaida hubakiza akiba ya kuuvusha mwaka mbaya, yalikuwa yamekwisha kuwa karibu matupu.

ZUHURA: Na vita vya Ukraine?

IDRISA: Vita viliufunga mlango wa kutokea. Kabla ya Februari 2022, Ukraine ndiyo iliyokuwa ikiuza nje mafuta mengi zaidi ya alizeti kuliko nchi yoyote, na ikichanganywa na Urusi, nchi hizo mbili zilitoa zaidi ya nusu ya mafuta hayo duniani. Meli ziliposimama, alizeti ikapanda bei ghafla, na mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo Indonesia ikazuia kwa wiki kadhaa kusafirisha mafuta ya mawese ili kutuliza soko lake la ndani. Watu waliotaka kuikimbia bei ya zeituni wakakuta kwamba mafuta mengine nayo yamepanda. Baadaye alizeti na mawese vikashuka, huku zeituni ikizidi kupaa, na hapo ndipo tofauti kati yao ilipokuwa kubwa kuliko watu walivyoizoea. Huko Jaén, kilo moja ya ekstra vajini, yaani mafuta ya zeituni ya daraja la juu yasiyosafishwa kiwandani, ambayo mwaka 2021 mkulima aliiuza kwa yuro tatu na ushee, ilifika takriban yuro 9 mapema mwaka 2024.

ZUHURA: Ningependa msikilizaji azingatie udogo wa soko lenyewe. Mafuta ya zeituni ni takriban tani milioni tatu kwa mwaka, katika dunia inayozalisha zaidi ya tani milioni 200 za mafuta ya mimea. Bidhaa ndogo kiasi hicho, inayotegemea nchi chache na mti unaochukua miaka kabla ya kuanza kuzaa, haina namna ya kuongezwa haraka. Mkulima wa alizeti akiona bei nzuri hupanda zaidi msimu ujao na kuvuna baada ya miezi michache. Mkulima wa mzeituni hana hiari hiyo. Halafu kuna bakteria aitwaye Xylella fastidiosa, aliyegunduliwa Puglia, kusini mwa Italia, mwaka 2013, ambaye huenezwa na wadudu wafyonzao utomvu na ambaye amekausha mamilioni ya mizeituni, mingine yenye umri wa karne kadhaa. Mti wa aina hiyo hauwezi kufidiwa katika maisha ya mwenye shamba.

IDRISA: Lakini tuwe wakweli kwamba bei haikubaki pale juu. Mvua zilirudi, Hispania ikavuna zaidi ya tani milioni 1.4 katika msimu wa 2024/25, na kufikia katikati ya mwaka 2025 bei ya mkulima ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya kilele chake. Mnunuzi wa mwisho huchelewa kuuona mteremko huo, kwa sababu mafuta yaliyomo kwenye chupa leo yalinunuliwa na mfungashaji miezi mingi iliyopita, wakati bei ingali juu.

ZUHURA: Ndiyo maana naona si busara kungoja tu. Aprili yenye joto kali inaweza kujirudia mwaka wowote, na aliyejifunza kugawa matumizi ya mafuta hatashikwa bila kujiandaa. Sasa tuingie jikoni. Msimamo wangu ni kwamba swali la mafuta yapi yachukue nafasi ya zeituni haliwezi kujibiwa kwa jina moja. Mtu ajiulize kwanza alikuwa akiyatumia kwa kazi gani. Anayeyamimina mabichi juu ya saladi anatafuta harufu na ladha. Anayekaangia vitunguu anatafuta mafuta yanayostahimili moto. Na yule aliyeyachagua kwa ajili ya moyo wake anatafuta aina fulani ya asidi za mafuta.

IDRISA: Naomba nianze na huyo wa moyo, kwa kuwa ndiye anayepotoshwa zaidi. Sifa ya zeituni inasimama juu ya mambo mawili. La kwanza ni asidi ya oleiki, aina ya asidi ya mafuta isiyoshiba, ambayo ni kati ya asilimia 55 na 83 ya mafuta hayo. La pili ni polifenoli, kemikali za asili za mimea, ambazo ndizo zinazoleta uchungu na ule ukali unaokwaruza koo. Asidi ya oleiki si mali ya mzeituni peke yake. Mafuta ya kanola, mmea wa jamii ya haradali, yana takriban asilimia 60, na mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayopandisha lehemu, ndani yake ni karibu asilimia 7 tu, nusu ya yale ya zeituni. Mafuta ya karanga yana karibu asilimia 50 ya oleiki. Na kuna alizeti iliyozalishwa mahususi kwa ajili ya asidi hiyo, ambayo mafuta yake hupita asilimia 75 na kuikaribia au hata kuizidi zeituni. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mafuta yenye angalau asilimia 70 ya oleiki yatangazwe, kwa masharti, kuwa yanaweza kupunguza hatari ya maradhi ya moyo yakitumiwa badala ya mafuta yaliyoshiba. Ruhusa hiyo haikubagua kati ya zeituni na alizeti ya aina hiyo.

ZUHURA: Je, na utafiti ule mashuhuri wa Hispania, uitwao PREDIMED? Watu huutaja kana kwamba ulithibitisha kwamba chupa ya zeituni ni dawa.

IDRISA: Ulikuwa utafiti mkubwa, wenye watu 7,447 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo. Ulichapishwa mwaka 2013, kisha mwaka 2018 ukaondolewa na kuchapishwa upya kwa sababu ya kasoro katika namna baadhi ya washiriki walivyogawanywa, na matokeo yakabaki karibu yaleyale: kwa waliopewa mafuta ya zeituni, matukio ya moyo na kiharusi yalipungua kwa takriban asilimia 30. Lakini kundi jingine la utafiti huohuo, lililopewa jozi, lozi na kokwa nyingine badala ya mafuta ya zeituni, nalo lilipata nafuu ya kukaribiana, na makundi yote mawili yalikula mboga, samaki na kunde kwa mtindo wa nchi za Mediterania. Mtu asiyemudu zeituni hajafungiwa nje ya faida hiyo.

ZUHURA: Nakubaliana nawe, ila nisingependa polifenoli zipuuzwe. Ukizitaka, kanola haitakupa. Ndiyo maana mimi hushauri chupa ndogo ya ekstra vajini iwekwe kwa ajili ya kumiminwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva, na mafuta mengine yafanye kazi ya moto. Kijiko kimoja kibichi mezani hukupa harufu yote uliyoilipia, ilhali robo lita iliyotumika kukaangia imepoteza sehemu kubwa ya harufu hiyo kabla chakula hakijafika mdomoni.

IDRISA: Tukiwa kwenye moto, kuna dhana moja inayohitaji kurekebishwa. Wengi huchagua mafuta kwa kuangalia nyuzijoto yanapoanza kutoa moshi, na kwa kipimo hicho huamini kwamba ekstra vajini haifai kupikia. Ekstra vajini huanza kutoa moshi karibu na nyuzijoto 190 hadi 210, na kukaanga kwa kawaida nyumbani hakupiti sana hapo. Jambo lenye uzito zaidi ni uimara wa mafuta dhidi ya oksijeni. Alizeti ya kawaida, iliyosafishwa kiwandani, hutoa moshi karibu na nyuzijoto 230 na huonekana imara kwa jicho, lakini kwa kuwa imejaa asidi ya linoleiki, aina nyingine isiyoshiba inayoshambuliwa kwa urahisi na oksijeni, huharibika haraka zaidi ikichemshwa kwa muda mrefu au kurudiwa mara nyingi. Kwa hiyo kwa kukaanga katika mafuta mengi, alizeti yenye oleiki nyingi, karanga au kanola iliyosafishwa ni chaguo bora, na mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, mazito au yenye povu yasirudishwe motoni.

ZUHURA: Wapo watakaokuuliza kwa nini hukuitaja nazi, ambayo huhimili moto vizuri sana.

IDRISA: Huhimili kwa sababu zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta yaliyoshiba. Mawese nayo ni karibu nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na mtu anayehama kutoka zeituni kwenda nazi kwa kila pishi atakuwa amehamia upande usiofaa kwa lehemu yake. Kwa ladha, mara mojamoja, sina ugomvi nayo.

ZUHURA: Mimi pia sina. Lakini naona kuna hofu nyingine ya upande wa pili, ya watu wanaoambiwa kwamba mafuta yote ya mbegu ni sumu inayowasha mwili. Hofu hiyo imewafanya wengine warudi kwenye siagi na samli. Chama cha moyo cha Marekani kilipopitia ushahidi mwaka 2017 kilikuta kwamba kubadili mafuta yaliyoshiba kwa yale ya mbegu yenye asidi nyingi zisizoshiba kulipunguza maradhi ya moyo kwa karibu asilimia 30 katika majaribio yaliyosimamiwa kwa makini. Anayekula alizeti ya kawaida kwa kiasi, bila kuichemsha mpaka ichoke, hana sababu ya kuogopa.

IDRISA: Parachichi hutoa mafuta mazuri kabisa kwa moto mkali, lakini kwa kawaida ni ghali kiasi cha kutokuwa suluhisho la tatizo letu. Ufuta ni wa kunukisha chakula. Kitani kisipelekwe motoni kabisa.

ZUHURA: Tuwaonye pia kuhusu chupa zenye picha ya zeituni. Maneno "mafuta ya zeituni" peke yake kwa kawaida humaanisha mafuta yaliyosafishwa kiwandani na kuongezewa kiasi cha yale ya asili. Oleiki yake ipo, polifenoli ni chache, na kwa kupikia yanafaa iwapo bei ni nafuu. Mengine ni mchanganyiko wenye zeituni kidogo na alizeti nyingi, na hilo hujulikana kwa kusoma orodha ya viungo iliyo nyuma. Bei ilipokuwa juu, ulaghai nao uliongezeka: mwishoni mwa 2023 polisi wa Hispania na Italia, wakishirikiana na Europol, walikamata watu 11 na zaidi ya lita 260,000 za mafuta yaliyoghushiwa.

IDRISA: Ekstra vajini halisi haitakiwi kuzidi asilimia 0.8 ya asidi huru, yaani asidi za mafuta zilizojitenga, lakini mnunuzi hawezi kulipima hilo dukani. Anachoweza ni kutafuta tarehe ya mavuno badala ya kuridhika na tarehe ya mwisho wa matumizi, kuchagua chupa ya kioo cheusi au kopo, na kununua kiasi atakachokimaliza ndani ya miezi miwili au mitatu baada ya kufungua. Akifungua, anuse. Mafuta mazuri hunukia majani mabichi au tunda. Yakinuka kama karanga zilizochacha au nta, yamekwisha, na hata kama yalikuwa ghali kiasi gani, ayarudishe alikoyanunua.